Siku Tusekile Alipofunga Banio

Kijijini kwetu mgawa maji hachaguliwi kwa sura wala kwa kisomo. Anachaguliwa mwenye jaruba la mpunga mkiani, kule mfereji unakoishia. Maji yakimfikia yeye, basi sote tumeshapata. Akitupunja, amejipunja mwenyewe. Ndivyo Tusekile, mama Sikitu, alivyokabidhiwa banio, lile lango la kuingiza maji ya mto mferejini. Mwanamke mfupi, mkali, hana muda wa umbea. Mimi ni jirani yake, shamba kwa shamba, kwa hiyo msije mkaniambia mnamjua kuliko mimi.

Mwaka ule mvua zilichelewa, nasi tukachelewa kupanda. Siku ya kufunga banio ilipofika, mpunga wa watu wa juu ulikuwa umeshaanza kuinama, lakini wa mkiani ndio kwanza una mimba, masuke bado hayajatoka. Mpunga wenye mimba ukikosa maji umekwisha, utavuna majani ya kulisha ng'ombe. Na kufunga ilikuwa lazima, tulikubaliana wenyewe na watu wa bondeni. Mwaka wa nyuma tuliyang'ang'ania maji mpaka mto ukakatika. Madimbwi ya Ihefu, kule bondeni, yakakauka, viboko wakalala kwenye tope migongo inapasuka, kambare wakaoza hadi harufu ikatufikia huku juu. Niliona aibu, nasema kweli.

Asubuhi hiyo tulijaa pale banioni, majembe mabegani, nyuso zimekunjwa.

"Mama Sikitu, acha upenyo kidogo tu," akasema Mwaijande, mwenye majaruba mengi kuliko sote. "Nani atajua?"

"Wewe utajua, na mdomo wako hauna kufuli."

Watu wakacheka, ila kicheko cha kukereka.

"Hivi una akili kweli? Si hata mpunga wako una mimba?" Mwaijande akauliza.

"Kwani nimekuomba uniuguzie?"

Vijana wakaanza kusogea. Mmoja akamshika mkono, na mimi moyo ukanipasuka paa! Hapo ndipo Lwitiko, mdogo wake Tusekile, aliporuka juu ya ukuta wa banio na panga lake.

"Atakayemgusa dada aanze na mimi! Tulikubaliana wenyewe, leo mnageuka? Wanaume wazima!"

Wakarudi nyuma. Jamani, nilimwona Lwitiko wa maana siku ile. Tusekile akazungusha usukani, lango la chuma likashuka likilia, mfereji ukaanza kunywea huku mto ukivuma upande wa pili.

Siku chache baadaye jaruba lake lilipasuka nyufa. Alikwenda kulitazama, akarudi, akajifungia jikoni. Nilimsikia analia, nikamwacha alie.

Halafu akaja mvuvi kutoka bondeni, amevimba kwa hasira.

"Mnatuchezea nyie watu wa juu! Maji yako wapi? Samaki wanagombania dimbwi moja, kesho kutwa nalo halipo."

"Nimefunga kwa mikono yangu," Tusekile akasema.

"Basi yamenywewa na shetani!"

Mvuvi akaondoka anasonya. Tusekile akajifunga kanga kiunoni. "Shoga, twende tuyafuate."

Tukaufuata mto kwa miguu. Mwanzo maji yalikuwa ya kutosha, yanakwenda vizuri tu. Tulipopita kona ya matete yakawa membamba ghafla, mawe yamebaki wazi. Tukasikia injini. Tusekile akaongeza mwendo, mimi nyuma yake nahema.

Pampu ilikuwa imefichwa kwenye matete, bomba nene limezama mtoni. Ng'ambo ya matete kulikuwa na shamba la mpunga, kijani kibichi, na mtu amechuchumaa anaongeza mafuta. Akageuka. Alikuwa Lwitiko.

"Dada, shikamoo."

Hakuitikia. "Tangu lini?"

"Nimekodi tu shamba hili, dada. Mpunga wake nao una mimba. Nivumilie siku mbili tatu, nazima mwenyewe."

"Kumbe ndiyo maana ulishika panga."

"Si nilikulinda? Wangekuumiza wale!"

"Ulilinda maji yako, Lwitiko. Zima."

Mimi nilidhani atamwachia. Kijana yule amemlea yeye, amembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki. Ningekuwa mimi ningemwachia, tena ningesema sikuona kitu.

"Dada, mimi ni damu yako!"

"Nimesema zima!"

Hakuzima. Tusekile akaingia mtoni, maji yakamfika kiunoni, akalikumbatia lile bomba na kuvuta. Lwitiko akarukia majini, akamkamata bega, akainua mkono. Nikapiga yowe. Mkono ukabaki juu, kisha akaushusha taratibu. Bomba likachomoka, pampu ikavuta hewa, ikakohoa, ikanyamaza.

Lwitiko akakaa chini kwenye tope kama mtoto.

"Umeniua, dada."

"Najua," akasema, naye machozi yanamtoka. "Na mimi nimeshakufa wiki hii."

Tulikaa pale mpaka mawe yakafunikwa. Lwitiko akafungasha pampu yake, akatupita.

Maji yalifika Ihefu. Wavuvi wenyewe walituletea habari, wakamwita Tusekile mama yao, naye akawaambia waache maneno mengi. Mwaka ule alikula mchele wa kununua, na Lwitiko hivyo hivyo. Nyumba zao zinatazamana. Kila asubuhi watoto wa Lwitiko wanavuka njia kuja kumwamkia shangazi yao, anawapa uji, wanarudi wanakimbia. Baba yao hajavuka mpaka leo.