Mashine na Mvuke wa Kamba

Dada yangu mkubwa alimenya kamba wa baharini kiwandani miaka kumi na moja. Walimwita Mashine. Wewe unahangaika na kamba mmoja, yeye kashamaliza watatu, na mdomo bado unapiga soga. Alikaa nafasi ya kwanza mezani, karibu na masufuria ya mvuke, na ole wake atakayeigusa. Hakuwa na kitu kingine cha kuringia.

Pale kila mgeni huwashwa mikono wiki za mwanzo. Wakongwe humwambia, "Kamba anakusalimia huyo, itikia tu." Kwa wengi inapita. Basi dada alipoanza kuwashwa, mwaka wa kumi huo, akasema ni salamu. Akavaa mikono mirefu, akaendelea.

Siku moja akaingia jicho limevimba. Shoga yake wa pembeni akamdaka.

"Mashine, shemeji kakupiga?"

"Athubutu! Utamtembelea wodini."

Meza nzima ikacheka. Saa nne asubuhi hiyohiyo kifua kikambana, midomo ikajaa, wakamkimbiza zahanati. Nikaitwa.

Nilimkuta kashachomwa sindano, anapumua vizuri. Nesi alikuwa anamsihi.

"Mama, usiondoke. Mwili wako umeshamwandika kamba kuwa adui. Kwenye ngozi na mapafu una chembe za ulinzi, zimebeba vifuko vya kemikali kali. Kamba akigusa tu, vinapasuka, ndiyo unavimba hivyo. Nimekutuliza, sawa. Lakini zile chembe zimeshatuma ujumbe kwenye damu, zinaita wenzao. Hao wako njiani. Wanaweza kufika hata jioni, uvimbe upya. Kaa nikuone."

"Nesi, naongea, nacheka, nikae nasubiri wageni nisiowajua?"

Nesi alipoitwa chumba cha pili, dada akavaa viatu.

"Msimamizi ataweka mtu pale kwangu," akaniambia.

Nilipaswa kumshika mkono. Sikumshika. Yule nani angemweza?

Akarudi mezani, kwenye mvuke uleule. Saa kumi jioni akalalia rundo la kamba. Wenzake wakadhani ni vituko vyake, wakacheka kwanza. Ule muda wa kucheka ndio unaomnyima shoga yake usingizi mpaka leo.

Siku tisa hospitali. Akatoka na amri moja: asikaribie kamba, hata harufu ya mvuke wake.

Shoga alikuja kumwona, katoka kazini moja kwa moja. Hata hajakaa, dada akaanza kujikuna shingo. Mvuke ulikuwa umeganda kwenye nguo za shoga. Tangu hapo anasimama nje, wanaongea dirishani. Anamwambia nani kagombana na nani, mzigo gani umeingia. Dada anacheka.

Juzi akauliza, "Pale kwangu anakaa nani?"

Shoga akaangalia chini. "Mimi."

Dada akajikuna shingo.

"Haya," akasema. "Sogea nyuma kidogo, upepo unakuleta huku."