Fundi Niliyemwita Mvivu

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Mingoyo kwamba fundi wangu wa magari amefariki na atazikwa baada ya alasiri. Nilifika kaburi likiwa limeshafukiwa. Nikakaa kwenye jamvi na watu nisiowafahamu, nikiwa na neno ambalo sikuwa na wa kumwambia. Wasomaji wa zamani wa safu hii mnamjua ingawa hamkupata kumwona, maana ndiye niliyemcheka hapa miaka kadhaa iliyopita.

Mambo yalianzia kwenye cheni ya taimingi, ile inayozunguka ndani ya injini. Gari langu lilikuwa linagonga, nami, kwa kuwa nimesoma chuo kikuu, nikasoma mtandaoni siku mbili, nikaagiza Dar seti nzima ya cheni, gia na tenshena ya kuikaza, ndani ya boksi la kupendeza. Nilimpa fundi shikamoo, nikamkabidhi. Hakulitazama hata boksi.

"Marahaba. Boksi haliingii kwenye injini, msomi," alisema. Akaishika cheni kwa ubavu, ikainama. "Unaona inavyolegea kama mlenda? Mpya hii! Irudishe."

"Lakini wameandika ni imara."

"Na wewe si unaandika? Kila unachoandika ni kweli?"

Nilirudisha, tukapata nyingine. Alipomaliza kuifunga ilibaki sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Aliifuta mpaka ikakauka kabisa, akazungusha gundi ya silikoni nyembamba kama uzi, akakaza bolti kwa vidole tu, akasubiri, kisha akazikaza kwa spana akizifuata kwa mshazari. Halafu akaniambia oili itatiwa kesho. Kesho! Nilikuwa na mkutano Mtwara. Nikakaa pale siku nzima nimenuna, na nilipofika nyumbani nikaandika kuhusu fundi mvivu anayelipwa kutazama silikoni ikikauka. Sikumtaja jina, nikadhani huo ndio uungwana. Mingoyo nzima ilimjua. Wenye magari wakawa wanapunguza mwendo, wanamwuliza, "Fundi, imekauka?" kisha wanakwenda kwa wengine.

Mimi pia nilikwenda kwa wengine. Sampo ilipogongwa na jiwe njia ya Kiswere, nilimpata kijana aliyeifunga kwa saa moja, silikoni imefurika kama siagi kwenye mkate. Nilimsifu sana. Baada ya wiki chache taa ya oili ikawaka, injini ikakwama, nikavutwa kwa kamba mpaka kwa yule mvivu wangu.

Alifungua sampo, akachokoa kwenye chujio la oili vipande vya silikoni, akaniwekea kiganjani.

"Iliyozidi huingia ndani," alisema. "Inaikaba injini koo." Akanawa mikono taratibu. Ua lake lilikuwa na gari moja tu, langu. "Uliandika mimi mvivu. Na hili utaandika?"

"Nitaandika, mzee wangu."

Sikuandika. Msimu wa korosho ulikuja na bei zake, uchaguzi ukaja, kila wiki kulikuwa na jambo kubwa kuliko jina la fundi mmoja. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nikipita Mingoyo nilimpungia mkono bila kusimama, naye alinipungia.

Basi naandika leo: hakuwa mvivu. Alikuwa fundi aliyekubali kupoteza mteja kuliko kuharibu injini, na mimi nilimpunguzia wateja kwa ajili ya kicheko cha asubuhi moja. Sisi tunaoishi kwa maneno tuna haraka ya kuhukumu na uvivu wa kusahihisha. Ukimkosea mtu mbele za watu, msafishe mbele za watu, angali hai, aweze kulibeba gazeti mpaka kwenye baraza la kahawa, alikunjue mbele ya waliomcheka, aseme, "Haya, someni."