Nuksi ya Beatrisi

Siku ya kwanza Beatrisi alipoingia kazini katika shamba moja la mkonge karibu na Mwera, korona ilisimama. Mtambo ule uliokuwa ukisaga majani ya mkonge tangu alfajiri, kwa kishindo cha kutetemesha mabati, ulikohoa mara mbili ukanyamaza, naye hata kanga hajaifunga vizuri kiunoni. Wanawake waliokuwa wakianika katani kwenye waya wakamgeukia. Mnyapara Kombo, mtu wa hapohapo pwani, hirizi mkononi na kalamu sikioni, akamtazama kuanzia miguuni.

"Mguu wako huu, mama," akasema, "una walakini."

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne. Beatrisi alikuwa Muha, Mkatoliki, aliyemfuata mumewe aliyeletwa Tanga kwa mkataba wa kukata mkonge. Mwezi uliofuata mkanda wa korona ukakatika, na aliyekuwa ametangulia kupita mlangoni asubuhi ile ni yeye. Mara ya tatu hakuna aliyeuliza tena. Jina likamkaa: Nuksi. Walimwita hivyo bila chuki, kama mtu mwingine anavyoitwa Kibiongo au Mrefu.

Ajabu ni kwamba hakukasirika. Alitaka kujua. Nuksi hukaa wapi mwilini? Hutoka na mtu asubuhi tu, au hata mchana? Na mbona nyumbani kwake hakijavunjika hata kikombe?

Wakati huo alikuwa akisoma kisomo cha watu wazima kwa Mwalimu Manase, Mbondei wa Muheza. Alipovimaliza vijitabu vya ufugaji wa kuku, Manase akampa kitabu kinene kisicho na jalada, hadithi ya kijana aitwaye Sudi aliyetoka katika mji wa malango saba kwenda kutafuta kisima cha majini. Kila baada ya kurasa chache Sudi aliponea chupuchupu. Alichelewa chombo, chombo kikazama. Alijikwaa kwenye jiwe, mshale ukampita juu ya kisogo. Beatrisi akawa anakichukua kazini, na saa ya chakula akawasomea wenzake, kidole kikifuata mstari, hao wanawake wakitafuna mihogo polepole wasije wakakosa neno.

"Ni ile pete aliyopewa na kipofu," alisema Kijakazi, mwenzake wa kuanika, mwenyeji wa Mwera. "Pete ndiyo inayomwokoa."

"Pete gani? Kujikwaa alijikwaa kabla hajapewa!"

"Basi dua za mamake."

Hawakukubaliana, na Beatrisi akazidi kutatizika. Jumapili moja, baada ya misa, akaenda kwa Bibi Mwanasiti, mganga na kungwi mashuhuri wa kijiji kile. Akamkuta uani akichambua mchicha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nimekuja kuuliza nuksi inajulikanaje."

Mwanasiti akacheka, akamsukumia kigoda. Hakumpigia ramli. Alimtaka kwanza amsimulie hicho kitabu kilichokuwa gumzo kijijini, na Beatrisi akasimulia mpaka pale alipofika. Bibi akatikisa kichwa.

"Huyo namjua. Bibi yangu alikuwa akitupa hadithi yake. Lakini kwetu hakuwa na pete wala bahati. Alikuwa mkosi mtupu. Akigusa mtungi, umepasuka. Akikalia kitanda, kimevunjika. Wakamfukuza. Akenda, akenda, akafika kwa zimwi lililofungia watu mia nyuma ya mlango wa chuma. Akauegemea tu apumzike."

"Ukavunjika!"

"Ukavunjika. Sasa niambie wewe mwenye kusoma: wale waliokuwa ndani, waliita nini kitu kile?"

Beatrisi alirudi nyumbani akiwa na maswali mengi kuliko aliyokwenda nayo.

Haikupita wiki mbili korona ikasimama tena, na safari hii Kombo alipandisha sauti. Msimamizi alikuwa amemkemea mbele ya watu. "Huyu mwanamke azinguliwe nuksi yake au aondoke!"

"Tujaribu, mnyapara," Beatrisi akasema. "Mimi nisije Jumatatu mpaka Jumamosi. Korona ikisimama, jina hili liniondoke. Isiposimama, nitaondoka mwenyewe, na sitarudi."

Kombo akakubali palepale.

Kwa siku sita Beatrisi alikaa mlangoni kwake ametega sikio. Jumatatu mtambo ulinguruma kutwa. Jumanne vilevile. Jumatano mumewe akamwambia, "Usihofu, utaharibika tu, mkweche ule." Haukuharibika. Kufikia Ijumaa moyo ulimwenda mbio, na katikati ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine alichoona haya kukisema: kumbe huenda ni kweli. Kumbe na yeye ana jambo ndani yake, kama watu wa kitabuni. Jumamosi king'ora kikalia, korona ikazimwa kwa heshima zake, nzima. Beatrisi akaanza kukunja nguo zake.

Kesho yake mchana wakaja wanawake wanane, Kijakazi mbele, hata hodi hawakumaliza kupiga.

"Unakwenda wapi? Umetuachia Sudi ananing'inia kisimani!"

"Nimeshindwa, dada. Si mmesikia wenyewe? Siku sita!"

"Siku sita!" Kijakazi akashika kiuno. "Migongo imetukatika. Haikusimama hata mtu apate kunywa maji. Zamani tulikuwa tunapumzika, mama! Tunaitaka nuksi yetu."

Wakaangua kicheko, Beatrisi naye, machozi yakimtoka. Wakamshika mkono, wakaenda naye msafara mzima mpaka kwa Kombo, aliyekuwa barazani kwake akinywa kahawa.

"Si nyinyi mliosema ana mkosi?" Kombo akauliza.

"Tulisema. Lakini ni wetu."

Kombo akakizungusha kikombe. Akamtazama Beatrisi, akakohoa. "Hivi… yule Sudi alitoka kisimani?"

Kumbe muda wote alikuwa akisikiliza nyuma ya marobota ya katani. "Sijafika, mnyapara," Beatrisi akamjibu.

"Basi kesho uje. Ila pitia mlango wa nyuma, na utangulize mguu wa kulia."

Jumatatu akapitia nyuma, mguu wa kulia mbele. Korona ilikwenda vizuri mpaka saa nne, kisha ikakohoa mara mbili. Kombo akafumba macho. Wanawake wakakaa chini bila kuambiwa, na Beatrisi akatoa kitabu.

Alifanya kazi pale miaka tisa. Mtambo ulisimama siku nyingine akiwapo, siku nyingine hayupo, na hakupata kuona utaratibu wowote ndani yake. Baadaye yeye mwenyewe alifundisha kisomo Mwera, na wanafunzi waliosikia habari zake walimwuliza kama kweli ana nuksi.

"Sijui," aliwajibu, akiwa bado na ile shauku ya kujua. "Nyinyi mnaonaje?"