Sauti ya Mwalimu Iliyokwama

Saa tatu na robo asubuhi, kabla Bisibisi hajamaliza kufagia chumba chake cha kazi, mlango ulisukumwa kwa bega. Aliingia mama wa miaka sitini na ushee, anahema, amekumbatia laptop nzee kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Nyuma yake alikuja mumewe, mzee mrefu mwenye kitambaa cheupe shingoni. Mzee hakutamka neno. Aliinamisha kichwa tu.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Bisibisi?"

"Ndiye mimi."

"Basi tuokoe. Hii ndiyo sauti ya mume wangu, na tangu alfajiri imekataa kusema."

Bisibisi alifikiri kasikia vibaya. Akawavutia viti, naye mama akamweleza huku akijipepea na ncha ya mtandio. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na minne. Miaka mitatu iliyopita alipata saratani ya koo, madaktari wakamwambia kwamba akitaka kuishi lazima wamwondolee kisanduku cha sauti. Wakampa wiki mbili za kujiandaa. Mwalimu akajifungia chumbani na kinasa sauti, akasoma sentensi moja baada ya nyingine mpaka zikafika elfu moja mia moja na arobaini. Kila moja aliipa namba na kuiandika kwenye daftari. Tangu atoke hospitali, akitaka kusema anabonyeza namba, na laptop inasema kwa sauti yake mwenyewe. Programu yenyewe ilikuwa ya zamani, aliyeitengeneza alishaiacha, na haikukubali kompyuta nyingine yoyote.

"Sasa jana jioni hii mashine ikamuuliza kama anataka kusasisha mfumo. Na huyu bwana hajawahi kuulizwa swali akaliacha bila jibu. Akabonyeza 'Ndiyo'."

Mwalimu aliangalia pembeni kama mwanafunzi aliyekamatwa akichungulia majibu.

"Tutaona, mama. Mniachie mpaka kesho."

"Kesho?" Mama alisimama. "Leo saa nane mchana dada yake anapasuliwa moyo. Yuko mji wa mbali, hata tungeondoka jana tusingewahi. Haoni, mwaka wa nane huu. Barua haimfai, ujumbe haumfai. Kaomba kitu kimoja tu, amsikie mdogo wake kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Muuguzi atapiga saa saba na nusu."

Bisibisi alitupia jicho saa ya ukutani, akaiwasha laptop.

Jina la Bisibisi alilipata zamani, alipokuwa mfagiaji katika ofisi za kampuni ya bima. Mafundi walipokuja kutengeneza mashine, yeye alipangusa meza moja nusu saa nzima ili aone mikono yao. Siku moja walitupa printa wakisema imekufa. Akaiomba, akaenda nayo nyumbani, na baada ya wiki tatu ikawa inachapa. Tangu siku hiyo hakukosa bisibisi kwenye mkunjo wa kilemba chake, wenzake wakaacha kumwita jina alilopewa na wazazi wake. Mama yake mzazi alisema mwanamke wa kuchokonoa nyaya hatapata mume. Mume alimpata, na huyo mume mpaka leo hajui kubadilisha balbu.

Laptop iliwaka, ikaonyesha alama ya mfumo, ikazunguka zunguka, kisha ikajizima na kuanza upya. Bisibisi akasubiri. Ikafika palepale, ikajizima. Mara ya tatu ikaleta kioo cha bluu chenye maneno mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa *Zima*. La pili lilikuwa *Rejesha mfumo upya*.

"Hilo la pili si ndilo lenyewe?" mama aliuliza. "Libonyeze basi!"

Kidole cha Bisibisi kilikuwa tayari hewani. Akakirudisha taratibu, akaficha mkono mapajani.

Mwaka wake wa kwanza wa ufundi, mama mmoja alimletea kompyuta yenye tatizo kama hilo, na yeye, kwa haraka ya kuonyesha anajua, alibonyeza neno kama hilo. Kompyuta ikapona ikawa mpya kabisa. Picha zote za binti wa yule mama, binti aliyekuwa amezikwa mwezi uliotangulia, zikapotea moja kwa moja. Yule mama hakugomba. Alikaa kwenye kiti hicho hicho alichokalia mwalimu sasa, akauliza mara mbili, kwa upole, "Hata moja?" Bisibisi alikuwa amesahau wateja wengi waliomtukana. Yule hakumsahau.

"Hilo likibonyezwa, linaweza kufuta kila kitu," alisema. "Rekodi zina nakala mahali pengine?"

Mwalimu alitikisa kichwa. Hazina.

"Basi kwanza naziokoa. Kutengeneza baadaye."

Aliichomoa laptop kwenye umeme, akaigeuza kifudifudi, akafungua skrubu kumi na moja, akaitoa diski na kuiunganisha kwa waya na kompyuta yake mwenyewe. Diski ikaanza kuzunguka. Kisha wote watatu wakasikia: tak, tak, tak, mithili ya mtu anayegonga mlango kwa ukucha.

Bisibisi alisogeza sikio karibu. Alikuwa akiujua mlio huo. Kumbe mfumo mpya haukuwa ugonjwa wenyewe. Diski ilikuwa imechoka siku nyingi, na usiku kucha ilikuwa imebebeshwa mzigo wa kuandika na kufuta mpaka ikaanza kukata roho. Angebonyeza *Rejesha*, ingefia mikononi mwake.

"Mama, sitawaficha. Hii diski inakufa. Ninachoweza ni kunakili polepole kabla haijanyamaza."

Rekodi zilianza kuhama, moja moja. Saa nne na nusu zilikuwa mia mbili na kumi. Saa tano, mia tatu. Diski ikapata moto, ikagoma. Bisibisi akaizima, akaigeuzia feni, akahesabu dakika kumi zilizokuwa ndefu kuliko mwaka, akaiwasha tena. Kinyozi wa chumba cha jirani alipiga hodi akitaka kuchaji simu. Alipoziona sura zao akarudi kinyumenyume.

Saa sita, mia sita na kumi na moja. Hapo mstari wa kunakili ukasimama kabisa. Tak, tak.

Mwalimu alichukua kalamu, akaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, akaliweka mbele ya Bisibisi: HARAKA.

"Ukiiharakisha inakufa, Mwalimu."

Akaandika tena, kalamu ikitoboa karatasi: YEYE PIA.

Mama alianza kulia kimyakimya. Bisibisi alijua ana njia mbili tu, kuing'ang'ania rekodi iliyokwama au kuiruka. Angeng'ang'ania, labda asingepata nyingine hata moja. Angeruka, labda angeiacha ile ile ambayo mzee aliitaka. Akapiga moyo konde, akairuka. Mstari ukashtuka, ukatembea. Mia sita na kumi na tatu. Mia sita na kumi na nne.

Alizidi kuruka kila palipokwama. Saa saba kasoro dakika tano kazi ikaisha. Rekodi elfu moja mia moja na ishirini na moja zilikuwa salama, kumi na tisa zimepotea. Diski ilipiga tak mara moja ya mwisho na haikuzunguka tena.

"Sasa nitafute diski nyingine, niweke mfumo wa zamani, halafu ile programu yenu," Bisibisi alisema akisimama. "Nikikazana, dakika thelathini..."

Simu ya mama ikalia.

Saa saba kasoro dakika tatu. Mama aliitazama kama anayetazama nyoka, kisha akapokea na kuweka sauti ya juu.

"Samahani, mama," ilisema sauti ya muuguzi. "Ratiba imesogezwa, wanakuja kumchukua sasa hivi. Nampa simu."

"Hatujawa tayari!" mama alipiga kelele, lakini upande wa pili tayari kulikuwa na pumzi nzito ya mtu mwingine.

"Mdogo wangu?" ilisema sauti ya kikongwe. "Upo?"

Mwalimu alifungua mdomo. Haikutoka hata pumzi. Alishika kitambaa cha shingoni, macho yamemtoka.

Ndipo wazo lilipomjia Bisibisi. Programu haikuwepo, lakini rekodi zilikuwepo, kwenye kompyuta yake, kila moja na namba yake. Akamsogezea mzee daftari, akasema haraka, "Mwalimu, nionyeshe namba. Mimi nitabonyeza."

Kidole cha mwalimu kilipita juu ya mistari, kikatua. Kumi na saba. Bisibisi akaitafuta, akabonyeza.

"Nipo hapa," ilisema sauti nzito, kavu kidogo, ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma.

Bisibisi aligeuka kumtazama mzee. Asubuhi yote alikuwa amekaa na mzee huyo, na ndiyo kwanza anamsikia.

"Mbona umechelewa kuitika?" dada aliuliza. "Ulikuwa unakula?"

Mia mbili na nne. "Nimeshiba, asante."

Kikongwe alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Mimi wamenilaza njaa. Nimepakwa madawa kifua kizima." Akashusha sauti. "Naogopa, ndugu yangu."

Kidole kilishuka ukurasa mzima, kikapanda, kikageuza karatasi. Mwalimu hakuwa amerekodi sentensi ya jambo kama hilo. Nani angejua? Alikuwa amerekodi za kununua mkate, za kumwita mkewe, za kumkaripia fundi bomba. Mwishowe akagonga mia tano na tisini.

"Usiwe na wasiwasi. Hesabu hii ni rahisi kuliko inavyoonekana."

Ilikuwa sentensi ya darasani. Kikongwe akasema, "Haya, Mwalimu. Nimekusikia." Magurudumu ya kitanda yakaanza kusikika. "Lakini kuna kitu nitakudai nikirudi. Miaka mitatu nasikiliza hayo masentensi yako, na hujaniita dada hata siku moja."

Simu ikakatika.

Mwalimu aliinama juu ya daftari, mabega yakitikisika. Mkewe ndiye aliyemweleza Bisibisi. Wakati mumewe anajirekodi, yeye na dada yake walikuwa hawasemeshani, mwaka wa sita huo, kwa ugomvi wa nyumba ya marehemu mama yao. Katika sentensi zile elfu na zaidi, hakuona sababu ya kutia neno dada hata mara moja. Upasuaji wa koo ulipokwisha, dada ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika hospitali, akiongozwa mkono, wakapatana palepale. Sauti ndiyo ilikuwa imeshaondoka.

Bisibisi hakuwaruhusu waondoke. Walikaa mchana kutwa pamoja, yeye akiweka diski mpya na mfumo wa zamani, akifunga mlango wa masasisho yote ili mashine isimuulize tena mwalimu swali lolote. Saa kumi na moja jioni muuguzi akapiga. Upasuaji umekwisha, mgonjwa anapumua mwenyewe, bado hajaamka. Mama alikaa sakafuni akashukuru kwa sauti. Mwalimu akasimama, akazunguka chumba mara mbili, akarudi kukaa.

Kabla ya kumkabidhi laptop, Bisibisi alimuuliza, "Mwalimu, kuna rekodi yoyote yenye neno dawa?"

Mzee akamtazama asielewe. Kisha akalifungua daftari. Themanini na moja: *Dawa zangu ziko wapi?*

Bisibisi alifungua rekodi hiyo kwenye programu ya kukatia sauti. Alikata kipande cha mwanzo, "da", kabla ulimi haujafika kwenye "wa". Akakinakili, akakipanga mara mbili. Cha kwanza kilitoka kifupi mno, cha pili kilikwaruza. Alikata tena, akaunganisha, akasikiliza, akafuta. Mara ya tisa akaacha bila kugusa tena, akageuza spika upande wa mzee.

"Dada."

Mwalimu aliomba kwa mkono irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Kisha akachukua kalamu, na kwa mwandiko wa mtu asiye na papara akaandika mwishoni mwa daftari, chini ya sentensi ya elfu moja mia moja na arobaini, namba inayofuata.

Dada alikaa wodini wiki tatu. Siku aliyoruhusiwa kushika simu, mwalimu na mkewe waliamua kwenda kumpigia wakiwa kwa Bisibisi, eti kama kuna hitilafu fundi awe karibu. Hakukuwa na hitilafu. Mwalimu akabonyeza namba yake mpya.

"Dada," ilisema sauti ya mwalimu.

"Mbona kama una mafua?" dada akasema. Sauti yake mwenyewe ilikuwa ikikatikakatika. "Hebu niite tena."