Gari Lililopashwa Moto Kabla Sijafika

Miaka ile ya ruksa, magari yaliyokwisha kutumika Japani yalianza kuonekana hata kwetu Njombe, na mtu ambaye zamani asingepata kibali cha kununua pikipiki akaanza kuota gari. Mimi sikuota. Nilihitaji. Mke wangu alikuwa mgonjwa wa nyonga. Basi la Ludewa lilimshinda, lori alilikataa. Mama yake, mkongwe wa kijiji cha Mawengi, huko Ludewa, macho yalikuwa yanafifia, na kila aliyetoka kule alileta salamu ileile: mwambieni mwanangu aje ningali naijua sura yake.

Niliposikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa Makambako anauza gari dogo la dizeli, mke wangu alituma neno Mawengi siku hiyohiyo. Tutakuja kwa gari, kabla ya mvua. Gari lenyewe nilikuwa sijaliona.

Lilikuwa zuri, jeupe, lenye neno TURBO ubavuni. Mwenyewe alikuwa Mwislamu mtaratibu aliyehamia pale kwa biashara ya malori. Alinikaribisha chai ya tangawizi, na uani gari lilikuwa tayari linanguruma.

"Nimekupashia, mzee wangu," alisema. "Na baridi hii, mgeni hawekwi kusubiri injini."

Nilimshukuru. Fundi niliyekwenda naye, mtu wa gereji ya palepale mjini, hakushukuru. Aligusa boneti kwa kiganja, akanivuta pembeni.

"Mzee, tabo, hiyo turbo iliyoandikwa ubavuni, inakunywa oili ileile inayonywewa na krenki. Oili ikikaa mno bila kubadilishwa, tabo inaungua, uchafu unashuka, krenki inaliwa. Mwanzoni inagonga asubuhi tu, injini ikiwa ya baridi. Oili ikishapanda, inanyamaza kama mkwe ukweni."

Krenki, ule mhimili wa chuma unaozunguka chini ya injini, nilikuwa naijua kwa ubaya wake. Muumini mwenzetu wa kanisani ilimkatikia kwenye mlima wa Ludewa, na gari lake likabaki pale hadi majani yakaota chini ya viti. Nikamwona mawazoni mke wangu na nyonga yake kando ya barabara ile.

"Basi tufungue sampo, hilo bakuli la oili chini ya injini, tuangalie," fundi alimwambia mwenye gari.

"Gari likifunguliwa ni la aliyefungua," alijibu kwa upole. "Ndiyo desturi ya hapa."

Kweli ndiyo ilikuwa desturi. Ikabaki kusikiliza, na ili kusikiliza lazima injini iwe imelala. Nilirudi kwa basi la kwanza, nikakuta imepashwa. Nikatuma ujumbe kwamba safari hii asiwashe. Nikakuta shemeji yake amelipeleka mashineni na gunia la mahindi. Mara nyingine nililala kwa muumini mmoja Mahongole, jirani na Makambako, nikasali, nikaondoka hakujapambazuka. Gari lilinipita njiani, taa zinawaka. Mwenyewe alikuwa anatoka msikitini.

"Unachelewa kuamka, Mzee wa Kanisa," alisema akishusha kioo. "Wenzako tumeshasali."

Maisha yangu yote nimemwomba Mungu uvumilivu, na nadhani alinipa wa kutosha. Asubuhi ile sikuuona. Ningekuwa nimetendewa ubaya ningejua la kufanya, maana nimefundishwa kusamehe. Hakuna aliyenifundisha la kumfanya mtu anayekuzuia kwa ukarimu.

Nyumbani hali haikuwa bora. Habari zilikuja kwamba yule bibi wa Mawengi, mama mkwe wangu, ameamuru ua ukatwe ili gari lipate pa kuingilia.

"Krenki, krenki," mke wangu alisema huku akimenya viazi. "Mama yangu naye ana krenki?"

Mawingu yalikuwa yanashuka kila jioni. Nikarudi Makambako, nikakataa chai.

"Naomba jambo moja," nilimwambia yule mfanyabiashara. "Kesho nenda msikitini kwa miguu."

Alinitazama, akacheka. "Mzee wangu, unaniogopa mimi au unaogopa krenki?"

"Wewe sikuogopi. Si wewe utakayetubeba kwenda Mawengi."

Alitoa ufunguo mfukoni, akaniwekea mkononi.

Alfajiri mimi na fundi tulimsubiri uani, boneti ina umande. Aliporudi kwa miguu akasema, "Washa mwenyewe."

Nikawasha. Ngo, ngo, ngo, kutoka chini kabisa, mlio mzito, kama mtu anayegonga mlango wa kanisa kwa ngumi. Kisha kugonga kukakoma, ukabaki mngurumo laini, kama si yeye.

"Hiyo huwa naisikia," mwenye gari alisema taratibu. "Nilidhani ni baridi."

Nilimwamini, na ndiyo maana niliudhika zaidi. Hapakuwa na wa kumlaumu.

"Fungua," akamwambia fundi. Nayo desturi ikaisha hivyo, nilipokuwa siihitaji tena. Beringi zilikuwa zimeliwa hadi rangi ya shaba, na krenki ina michirizi ambamo kucha yangu ilinasa. Ingepaswa kupelekwa mbali ikachongwe. Wiki hiyohiyo mvua ilianza.

"Lori langu linakwenda Ludewa kufuata mahindi," alisema yule mfanyabiashara. "Litawapitia Njombe. Mama atakaa mbele."

Mke wangu, aliyekataa malori yote, alikanyaga kigoda akapandishwa. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia matupu, chini ya turubai linalovuja. Nilimshukuru Mungu huko nyuma, kwa dhati, lakini uso niliukunja hadi tulipofika.

Lori halikuweza kuacha barabara, tukatembea polepole hadi kwa bibi. Ua ulikuwa umekatwa kweli, pengo pana, na mawe yamepangwa mistari miwili ya kukanyagwa na magurudumu. Mbuzi walikuwa wanapita hapo watakavyo. Bibi alikuwa mlangoni, ameelekeza macho kwenye pengo.

Mke wangu aliinama kadiri nyonga ilivyomruhusu. Mikono ya mama yake ikampapasa paji, mashavu, kidevu.

"Ni wewe," bibi alisema. Kisha akageukia upande wangu, nilikosimama mbali kama mkwe apaswavyo. "Na gari, baba?"

"Linaumwa, mama."

"Linaumwa nini?"

Nikafungua kinywa.

"Usianze," mke wangu alisema.