Kaseti ya Gemu Mia Tisa Tisini na Tisa

Mtu akikwambia ana gemu mia tisa tisini na tisa ndani ya kaseti moja, usibishane naye. Muulize tu: umezihesabu? Akianza kukohoa, jibu umeshapata. Mimi swali hilo nalijua tangu nina miaka tisa, na nilidhani nimelisahau, mpaka Jumamosi iliyopita dada yangu aliponiita kwake Isevya akanionyesha sanduku la bati pale mlangoni.

"Lako hilo," akasema. "Mnunua vyuma chakavu anapita jioni. Mwanangu akilipenda, libaki. Asipolipenda, liende."

Nikamtazama mara mbili. Dada yangu hajawahi kunipa nafasi bila kuficha kitu nyuma yake. Nikachungulia sebuleni, nikaona: mwanaye, binti wa miaka tisa, kajikunja kwenye kochi na simu ya mama yake, macho yamemtoka kama mtu anayehesabu kura. Kumbe nilikuwa nimeitiwa kumnyang'anya mtoto simu, na sanduku ndiyo silaha.

Nikafungua. Tivigemu yetu ya utotoni, pedi mbili, kaseti saba, na daftari moja la shule lililokunjwa kwa urefu. Halafu ikanijia harufu. Rafiki yangu, vumbi lote la miaka yote hiyo, na bado ile mashine inanukia viazi vitamu.

Inanukia viazi kwa sababu ya bibi yetu. Tuliishi naye nyumba hiyohiyo ya Isevya, mimi na dada, na shamba lake lilikuwa kwao Kwihara. Likizo ya Juni viazi vinashuka kwa magunia, na sisi kazi yetu ni kumenya na kukata michembe: vipande vyembamba vinaanikwa juani mpaka vikauke, vigonge kama mbao. Sheria ya bibi ilikuwa moja. Ungo ukijaa, gemu. Ungo haujajaa, hata usiiangalie tivi. Tukawa tunakata kama tumekodishwa, halafu tunakimbilia pedi bila kunawa, na utomvu wa kiazi unavyojua kuganda na kuwa mweusi, vidole vyetu vilikuwa kama vya mafundi gereji.

Bibi alikuwa na tabia yake. Alinyanyua kila kitu kabla ya kukikubali. Gunia la mkaa ananyanyua. Kuku ananyanyua. Mtoto wa jirani aliyezaliwa jana ananyanyua, halafu anamwangalia mama yake kama vile kapunjwa. Kwao walisimuliana habari za mababu waliobeba mizigo ya watu mpaka pwani, na yeye alibaki na neno moja tu la huko: "Mpagazi haulizi mzigo una nini, anaunyanyua. Mdomo wa mwenye mzigo hauna uzito."

Sasa siku moja bibi alipeleka asali mjini kwa mwenye duka mmoja wa Kihindi, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, na katika kubadilishana mali akatuletea kaseti mpya. Ya njano. Juu imeandikwa 999. Mimi na dada tulirukaruka mpaka kuku wakahama. Bibi akaichukua, akaiweka kiganjani, akaipandisha na kuishusha.

"Hamna kitu humu."

"Bibi! Kuna gemu mia tisa tisini na tisa!"

"Mwanawane, watu elfu kasoro mmoja wanakaaje humu bila uzito, wote wamefunga kula?"

Tukacheka. Lakini neno la bibi ni kama mwiba wa samaki, unakaa. Ya kwanza ilikuwa vifaru. Ya pili pikipiki. Mpira, bata, ndege za vita, mieleka, mtu wa kuruka mashimo. Saba. Nikafungua ya nane. Vifaru, rangi ya kijani. Ya tisa: pikipiki, ila dereva kavaa shati jekundu. Nikachukua daftari, nikaanza kuandika kila namba na udanganyifu wake. Nilipofika arobaini nikamshika dada mkono, tukaenda mjini.

"Shikamoo."

"Marahaba, wajukuu."

"Kaseti yako ina gemu saba. Zilizobaki zimebadilisha mashati."

Mwenye duka akafuta miwani polepole. Mimi moyoni: anatafuta uongo. "Umefika namba ngapi?"

"Arobaini."

"Mwanangu, unahukumu kitabu kwa ukurasa wa kwanza? Maliza zote. Ukikuta ni uongo mpaka mwisho, niletee hilo daftari. Chochote kwenye kabati hili, kimoja, utachagua na utachukua."

Nikaliangalia kabati. Ndani mlikuwa na pedi mpya. Na sisi pedi ya pili ilikuwa imeshakufa kwa utomvu, batani ikibonyezwa hairudi, kwa hiyo kila siku ngumi. Nilikuwa nimeshajaribu kuipata ile pedi mara moja kwa adabu. Nilikwenda dukani nikamkuta mke wa mwenye duka peke yake, nikasema, "Naomba pedi." Akanitazama kwa huruma, akafunga kitu kwenye gazeti, akaninong'oneza nimpelekee mama mkononi nisipite nacho sokoni. Nikakimbia mpaka nyumbani. Dada alipofungua gazeti, bibi alicheka mpaka akakalia ungo wa viazi.

Basi nikaapa nitafika mwisho. Na hapo ndipo utaujua moyo wa mtoto wa kiume: nilifika mia mbili na kumi na nne. Umeme ukikatika inaanza upya, unabonyeza kushuka kurasa zote mpaka ulipoishia. Shule ikafunguliwa. Nikatupa daftari sandukuni nikawaambia watu gemu ni za watoto.

Muhula ule ndio ukaingia ubaya nyumbani. Tulikuwa na tivi ya chogo, ile yenye mgongo kama wa ng'ombe. Dada akitoka shule anaweka kiganja mgongoni mwake.

"Ya moto! Umetoroka shule!"

"Mimi? Wewe ndiye umefika wa kwanza!"

"Unacheza peke yako, mchoyo."

"Muone! Mwizi ndiye anayepiga kelele."

Kila siku ya moto. Nikaweka unywele wangu kwenye swichi, kumtega. Dada akaenda kumuuliza mwalimu wangu wa darasa kama nilikuwepo. Tulilala chumba kimoja wiki tatu bila kusemeshana, kila mmoja ana hakika mwenzake ni mwongo. Bibi yuko pale uani anakata michembe, kisu kinasema tak, tak, tak, na akiombwa ushahidi anajibu, "Mungu anawaona." Halafu siku moja akaenda mjini na kikapu, akarudi na pedi mpya kwenye karatasi ya kaki.

"Bibi, umeipataje?"

"Kanipa."

Hapo nikamshuku mpaka mwenye duka. Mtu akikupa cha bure, rudi uhesabu vidole vyako. Lakini pedi ilifanya kazi, tukasemeshana, yakaisha.

Sasa turudi kochini. Kuwachagulia watoto wa leo gemu za jana usione ni kazi ndogo. Nikaiweka pembeni ile ya njano, maana siwezi kumpa mtoto wa watu utapeli, nikachagua tatu za heshima. Nikapuliza kaseti, nikachomeka waya kwenye tivi yao bapa. Mpwa wangu akaja, simu bado mkononi kama kitambulisho.

Nikaanza na mpira. "Anko, hawa mbona hawana nyuso?" Ikatoka.

Nikaweka pikipiki. Akaanguka kwenye kilima, akasubiri.

"Tangazo liko wapi?"

"Hakuna tangazo."

"Bando?"

"Haili bando."

"Nikianguka inanirudisha tu? Bure?" Akaiweka pedi chini taratibu kama kitu kinachoweza kuuma. "Hapana, anko. Kuna kitu wanachukua."

Ya tatu ikawa vifaru, tucheze wawili. Akacheza vizuri dakika tano, nikaanza kuota ushindi. Halafu akasema, "Adui anatokea kushoto kila mara. Ameshapangwa huyu," akarudi kwenye simu. Nje saa kumi inaelekea kumi na moja. Nikasikia mbali kengele ya baiskeli ya mnunua vyuma, na nikajua sanduku linaondoka.

"Na hiyo ya njano?"

"Hiyo ni uongo. Imeandikwa mia tisa tisini na tisa, ziko saba."

Simu ikashuka. "Nani kahesabu?"

Rafiki yangu, mtoto yule aliyekataa magoli na pikipiki aliruka kama kaitwa mpirani. Kumbe watoto hawa wametapeliwa na matangazo tangu wanajifunza kutambaa. Hawatafuti burudani, wanatafuta wa kumkamata. Nikampa daftari langu liwe ushahidi, nikainama kuwasha mashine.

"Anko, hapa kuna miandiko miwili."

"Ni wangu wote."

"Wako umeishia mia mbili na kumi na nne. Halafu kuna vijiti."

Nikachukua. Baada ya mwandiko wangu wa kuku, vilianza vijiti vya penseli: vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yao. Vijiti hivyo nimeviona maisha yangu yote, kwenye ukuta wa stoo, bibi akihesabu madebe ya karanga. Ukurasa baada ya ukurasa, na kila ukurasa kingo zake nyeusi, zimeganda utomvu. Mwisho kabisa, mahali ambapo msomi angeweka sahihi, kuna dole gumba jeusi la bibi.

Nikamwita dada. Akaja na mwiko mkononi, akasoma, akageuza, akarudi nyuma. Halafu akanyoosha kiganja hewani, pale ambapo zamani kulikuwa na mgongo wa tivi.

"Wiki tatu," akasema. "Nilikuita mwizi wiki tatu."

"Na mimi nilikuita mwongo."

"Na yeye yuko uani, Mungu anawaona!" Akacheka, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono wenye mwiko, unga ukamshika nyusi.

Kengele ikalia getini. Dada akatoka. Nikamsikia mnunua vyuma akidai aliambiwa kuna sanduku, na ana mizani yake hapa.

"Jepesi," dada akamjibu. "Hamna kitu humo."

Duka la mjini siku hizi wanauza vioo vya simu. Mwenye miwani ya uzi ameshafariki, na mimi nilimdhania tapeli mpaka Jumamosi, wakati alikuwa ametimiza neno lake kwa bibi aliyeingia na daftari kwapani. Michembe ipo, tunanunua sokoni, na wanaokata wananawa mikono. Tivi hazina tena mgongo wa kupapasa ujue nani kadanganya. Bibi amelala Kwihara, na lile sanduku la bati nimelinyanyua mwenyewe kabla ya kulisukuma chini ya kitanda. Dada hajui uzito.

Ila usidhani mambo yameisha vizuri. Mpwa wangu kaviangalia vile vijiti kwa makini.

"Anko, hapa vimesimama vitano, si vinne."

"Bibi alikosea tu."

"Au aliongeza ili amalize haraka, apate pedi."

"Usimseme bibi yako."

"Simsemi. Nauliza tu, alihesabiwa na nani?" Akachukua pedi, batani ikanata, akainusa, akakunja uso. "Washa. Tuanze moja."