Sarafu Yangu Haiendi kwa Sonara

Watu wa mtaa wangu hapa Ngagara, Bujumbura, huniuliza swali moja tu kuhusu sarafu zangu: zinanunua mkate? Hazinunui. Mpelekee mwenye duka, atakutazama kana kwamba umemletea kifungo cha koti. Mimi nazikusanya hivyo hivyo, na sijaomba ruhusa ya mtu.

Ni sarafu za kumbukumbu, karibu zote za fedha, zenye jina la Burundi kwa herufi nzuri kabisa na mnyama wetu mmoja upande wa pili. Zinatengenezwa Ulaya, zinauzwa Ulaya, zinafungiwa kwenye makabati ya watu ambao ukiwaambia wakuoneshe Bujumbura kwenye ramani watahangaika mpaka jioni. Hapa kwetu hazikanyagi. Siku nilipolijua jambo hilo nilikasirika, na hasira ndiyo iliyonifanya mkusanyaji. Nilikuwa nimeshastaafu uuguzi. Rafiki yangu niliyefanya naye kazi wodini alihamia Ubelgiji. Yeye hunitafutia huko, na akija likizo ananiletea moja au mbili ndani ya soksi. Mimi husema zimerudi nyumbani.

Ya dhahabu ninayo moja tu, haizidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Niliiwekea akiba miaka mingi, nikavaa viatu vilevile misimu yote ya mvua. Kosa langu ni kuionesha. Nilimwita kaka yangu mkubwa na mkewe, nikawatolea kabatini sarafu zote na kujigamba kama bibi harusi. Wiki iliyofuata wifi alikuja kunitembelea, akanikuta sipo. Aliingia, akafungua kabati, akaona sarafu ya kiboko imeingia weusi, akaitoa kwenye kikopo chake cha plastiki na kuisugua kwa jivu na ndimu kama tunavyosugua sufuria. Alitaka kunifurahisha. Iling'aa, naam, lakini kiboko alibaki bila jicho, na sarafu iliyosuguliwa hakuna mkusanyaji anayeitaka tena. Nilipofoka, wifi alishangaa, na sidhani ameacha kushangaa hadi leo.

Kaka alishangaa pia, ila macho yake yalikuwa kwenye dhahabu. Mwanawe alikuwa amepata mchumba. Kwetu harusi huwa na kamati, na kamati yetu ilikutana Jumapili alasiri kwenye kabare, baa ya jirani, ndugu na watu wanaofanya kazi na kijana wakiwa wameketi mbele ya sahani za mishikaki. Kila mtu husimama, hutaja atakachotoa, hupigiwa makofi, na chupa hufunguliwa. Neno likishapigiwa makofi na kunywewa halirudi nyuma. Anayelikana anaufedhehesha ukoo wake wote, na siku ile wakwe watarajiwa walikuwapo.

Kaka alisimama. “Kwa mambo ya pete musihangaike,” alisema. “Dada yangu iko na sarafu ya zahabu mu kabati, haifanye kazi yoyote. Tutaipeleka kwa sonara, itatoa pete mbili. Dada ametoa!”

Makofi yakapigwa. Hakuwa ameniuliza. Alijua kwamba pembeni ningekataa, akahesabu kwamba mbele za watu nisingethubutu.

Nikasimama na mimi.

“Apana,” nikasema. “Mi sijatoa kitu.”

Chupa zilibaki hewani. Kaka akacheka kicheko cha kuomba radhi. “Dada, usituletee haya. Ni mutoto wetu.”

“Ni mutoto wetu, na namupenda. Lakini ile sarafu nilijinunulia. Hakuna mutu alinipatia, na hakuna mutu atanitolea.”

Mwenyekiti wa kamati, mtu mpole, akaniuliza: “Sasa, mama, pete zitatoka wapi?”

Sikuwa nimepanga lolote. Nilitazama mkono wangu, nikaiona pete ya ndoa ambayo marehemu mume wangu alinivisha kanisani. Kidole kilikuwa kimenenepa, haikutoka. Nikachovya kidole kwenye mafuta ya sahani ya mishikaki, nikaizungusha, nikaivuta mpaka ngozi ikachubuka. Wanawake wakaguna. “Yezu wanje!” akasema wifi, yaani Yesu wangu.

Niliiweka mezani. “Hii ndiyo natoa. Mupige makofi.”

Hakuna aliyepiga.

Nilimpenda mume wangu, asije mtu akasema vingine. Lakini pete hiyo nilipewa, na tangu afariki watu wanaitazama kwanza kabla ya kunitazama mimi usoni. Ile sarafu sikuipata kwa kuwa binti wa mtu, wala mke wa mtu, wala mama wa mtu. Sina kitu kingine cha namna hiyo ndani ya nyumba yangu.

Kesho yake tulikwenda kwa sonara wa mtaa wa Buyenzi, mimi na kaka. Sonara aliipima pete, akasema itatosha kwa mbili nyembamba. Aliiweka kwenye chungu chake kidogo, kisha akasita. “Mama, ikiingia mu moto, basi. Uko na hakika?”

Ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele ya wateja wake. Nilimkumbuka marehemu akihangaika kunivisha. Kaka alinishika bega, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili sauti yake ilikuwa ya ndugu. “Dada, acha. Uvae pete yako. Turudi tuchukue ile sarafu, na hakuna mutu atakucheka.”

Alikuwa anasema kweli, najua. Nilijifuta uso kwa kitenge, nikamgeukia sonara.

“Washa,” nikamwambia.